Nyaya Kumi na Nne

Upepo ulikuwa umegoma kwa siku ya kumi na tisa. Singida bila upepo, hebu fikiria! Mji mzima unaishi kwa upepo, na sasa mapanga marefu ya mitambo ya umeme juu ya majabali yamesimama kimya, kunguru wameshaanza kuyajengea viota. Fundi Mwasiti Nkungu alifungua dirisha la kituo cha chaji saa tatu asubuhi, akaona foleni imefika hadi kwenye ghala la alizeti, akatamani kulifunga tena.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa miaka, unaokaa magotini na nyuma ya macho, ambao hata chai ya tangawizi haiugusi. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba haiwezekani, na neno hilo humchosha anayelisema kuliko anayeambiwa. Lakini nenda kawaambie watu wa foleni hivyo, uone watakavyokuangalia.

"Fundi, leo una sura ya mtu aliyefiwa na mbuzi," alimtania Kitundu, mwenye mashine ya kusaga, ambaye kila siku alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kurudishwa.

"Na wewe una sura ya huyo mbuzi. Betri yako daraja gani?"

"Unaijua. Kazi."

"Kazi hakuna. Mgawaji amefunga Kazi tangu Jumatatu. Ni Uhai peke yake."

"Sasa watu wale nini, mahindi mazima?"

"Wachemshe makande. Mwingine!"

Foleni ikacheka kicheko cha watu wenye njaa. Juu ya dirisha, jicho la kioo la Mgawaji liliwaka kijani, likazimika. Ndiye mtambo wenye akili uliokuwa ukigawa umeme wa mji. Kila betri ilitoka kiwandani na daraja lake ndani: Uhai kwa mashine za wagonjwa, Kazi kwa vinu na pampu, Starehe kwa redio na vichezeo. Ukiichomeka ukutani, Mgawaji anaisoma, chaja inajipanga yenyewe, na kama zamu ya daraja hilo haijafika hupati hata cheche.

Watu hawakumchukia, maana hakuwa na upendeleo. Tena alikuwa na jambo moja walilolipenda. Enzi za nyuma amri zilishuka tu, marufuku hili, marufuku lile, na ukiuliza kwa nini unajibiwa ni agizo kutoka juu. Wakachoka. Walipomweka Mgawaji wakampa sharti: kila kanuni itaje sababu yake na shahidi wake kwa jina. Sababu ikianguka, kanuni inalala hapo hapo mpaka baraza liketi. Na shahidi akitaka kufuta maneno yake, ayafute pale pale alipoyasemea, mbele ya watu.

Mwasiti alilijua sharti hilo kuliko mtu yeyote mjini. Kanuni ya Kumi na Tisa ilisimama kwa jina lake.

*

Saa nne kasorobo foleni ilipasuka katikati, watu wakimpisha mwanamke aliyebeba kitu kizito mgongoni kwa kanga. Mwasiti alimtambua. Alikuwa Siwema, mjane wa Sefu Ntandu. Sefu alikuwa fundi mwenzake kituoni hapo, na kwa jinsi walivyoitana kaka na dada, mkewe alimwita Mwasiti wifi tangu siku ya harusi.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Angekuwa hajambo ningekuwa hapa?" Siwema alikuwa anahema. "Betri ya mashine yake ya pumzi imevimba alfajiri. Nimeitupa mchangani kama mlivyotufundisha. Sasa anatumia ile ndogo ya akiba. Itamfikisha saa saba mchana, basi."

Mwasiti hakuhitaji kuangalia stoo, lakini aliangalia ili Siwema amwone akiangalia. Rafu ya Uhai ilikuwa tupu. Betri mpya zilikuwa kwenye lori la kutoka Dodoma, na lori likiwahi sana lingeingia saa kumi na mbili jioni. Kati ya saa saba na saa kumi na mbili kulikuwa na masaa matano ambayo Mama Sefu hakuwa na kitu cha kumsukumia hewa.

"Nilijua utaniambia hakuna," Siwema alisema. "Ndiyo maana nimekuja na hii."

Akafungua kanga, akaweka mezani matofali mawili ya betri yaliyofungwa pamoja kwa utepe wa bluu. Mwasiti aliyajua. Kila Jumapili Sefu alikuwa akirusha ndege yake ya kuchezea kule uwanjani, ndege yenye mabawa marefu kuliko yeye mwenyewe, na betri yake ilikuwa hiyo. Juu ya utepe aliandika kwa mkono wake: *Imelala nusu.* Ndivyo fundi anavyolaza betri asiyoitumia, haijazi wala haikaushi, anaiacha katikati. Seli za kizazi kile ukizilaza hivyo zinaweza kungoja miaka mingi.

"Fungu letu la umeme la mwezi huu sijaligusa," Siwema aliendelea upesi. "Sitaki cha mtu. Na mashine ya mama inakula volti arobaini na nane, hii inaendana, Sefu mwenyewe aliwahi kusema. Nimekuhesabia kabisa, wifi, nisikupotezee muda. Ina seli kumi na nne."

Mikono ya Mwasiti ikasimama.

"Umehesabu nini?"

"Hizi." Siwema alishika plagi mbili ndogo nyeupe zilizoning'inia ubavuni. "Nyaya nyembamba. Saba huku, saba huku."

Lo! Miaka kumi na miwili ilirudi yote.

"Nyaya si seli, Siwema," alisema. "Ni kama uzio. Nguzo saba, nafasi sita. Huku seli sita, na huku sita. Kumi na mbili. Ukiiambia chaja kumi na nne, itaisukuma mpaka volti ambazo haiwezi kuzibeba. Italipuka."

"Ah! Afadhali nimekuja kwako, basi," alisema Siwema.

*

Mambo yalikuwa hivi, na heri tuyaseme yaishe.

Miaka kumi na miwili nyuma, chaja za mkono zilikuwa bado zinatumika. Fundi anaweka mwenyewe aina ya betri, idadi ya seli na ampea. Na mafundi walikuwa na desturi yao, hakuna aliyeiandika: aliyechomeka ndiye anayekaa. Ukichaji kwa mkono huinuki hata kama nyumba yako inaungua, unakaa na ndoo ya mchanga mpaka chaja ilie.

Siku hiyo Mwasiti alikuwa amefanya kazi tangu jana yake. Mtu alileta betri ndogo isiyo na daraja. Alihesabu nyaya saba, akaandika seli saba. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na yeye alikuwa akiwafundisha wengine! Kisha, kwa haraka, akaunganisha zile nyaya mbili nene tu, zile nyembamba za kupimia kila seli akaziacha zikining'inia, kwa hiyo chaja haikuwa na njia ya kumwambia amekosea. Akamwambia Sefu, "Kaka, nishikie hapa kidogo nikanywe chai."

Hakumaliza kikombe, betri ikalipuka.

Walipomuuliza ilikuwaje, alisimama kwenye dirisha hilo hilo mbele ya mji mzima unaolia, akasema Sefu aliichaji betri isiyo na daraja kwa sababu alimhurumia mwenye betri. Kwamba huruma ndiyo iliyoleta moto. Chaja ilikwisha kuwa majivu, nani angempinga? Ndipo ikaandikwa Kanuni ya Kumi na Tisa, chaja za mkono zikafungwa kwa lakiri. Na tangu hapo kila mwenye betri isiyo na daraja aliyeambiwa haiwezekani aliambiwa kwa sababu ya uongo ule. Mwasiti aliwahesabu mwanzoni, walipofika mia tatu akaacha.

*

"Hiyo kwenye chaja ya ukutani haiwezi," alimwambia Siwema sasa. "Haina daraja ndani, Mgawaji hataisoma. Na hata ningeidanganya nikaipachika alama ya Uhai, chaja za Uhai zinasukuma ampea sitini na sita, zimetengenezwa kwa betri za haraka. Hii ni ya kuchajiwa polepole, halafu imezeeka. Ampea kumi na moja, isizidi."

"Si kuna ile ya mkono?" Kitundu alidakia kutoka foleni. "Ipo hapo chini ya meza, mimi huiona kila siku."

"Soketi yake ameifunga Mgawaji."

"Muombe."

Mwasiti alimwomba, japo jibu alilijua. Mgawaji alijibu kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio: "Kanuni ya Kumi na Tisa. Kuchaji kwa mkono ni marufuku, kwa sababu ya moto uliomwua fundi Sefu Ntandu, aliyechaji kwa huruma betri isiyo na daraja. Shahidi ni Mwasiti Nkungu."

Siwema alicheka kicheko kibaya. "Umesikia, wifi? Mume wangu alikufa kwa huruma yake. Kila mtu ananiambia, na mama yake hujifariji nayo, kwamba mwanawe alikufa kwa moyo mzuri. Leo huruma hiyo hiyo inamnyima mama yake pumzi."

Mwasiti akashindwa kumwangalia. Akili ya mtu mwenye kosa haikosi mlango wa kutokea, nayo yake ilianza kutafuta. Angeweza kusema wakimbilie hospitali. Hospitali nayo ilikwisha kuwarudisha wagonjwa wa majumbani wiki iliyopita. Angeweza kunyamaza tu. Saa saba ingefika, ingepita, na watu wangesema kazi ya Mungu haina makosa. Tena angemwachia Siwema na mama mkwe wake kile kidogo walichobaki nacho, mtu wao aliyekufa kwa wema. Akisema kweli, atawapa nini badala yake? Kwamba alikufa kwa sababu mtu mwingine alitaka chai?

Hapo ndipo uchovu ulipomsaidia, amini usiamini. Alijikuta hana tena nguvu za kuubeba uongo ule. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hiki hakikuwa hata chake.

"Mgawaji," aliita. "Nafuta ushahidi wangu wa Kanuni ya Kumi na Tisa."

Jicho la kioo liligeuka jekundu.

"Taja sababu."

"Sefu Ntandu hakuichaji betri ile." Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Niliichaji mimi. Nilihesabu nyaya badala ya seli, halafu nikaondoka, nikamwachia. Hakujua nilichokiandika. Haikuwa huruma. Ulikuwa uzembe wangu, na nikamsingizia maiti."

Mwasiti alijilazimisha kumtazama Siwema, akamkuta anaangalia zile plagi mbili nyeupe mkononi mwake mwenyewe, kana kwamba anazihesabu upya.

"Imepokelewa," alisema Mgawaji. "Sababu ya Kanuni ya Kumi na Tisa imeanguka. Kanuni imelala. Leseni ya fundi Mwasiti Nkungu imesimamishwa, kuanzia kazi iliyo mezani itakapokamilika."

Chini ya meza, soketi ililia *tak*.

"Kwa hiyo," Kitundu alianza, "hata ya kwangu sasa..."

"Wee Kitundu, koma!" wanawake wawili walimfokea kwa pamoja, naye akakoma.

*

Alikata lakiri kwa koleo. Akafuta vumbi kwenye chaja, akaleta ndoo ya mchanga, akaiweka betri juu ya kigae. Alifanya kila kitu polepole. Wati za chaja mia nane; betri ikijaa ni volti hamsini nukta nne; kwa ampea kumi na moja zinatosha na kubaki. Aliweka seli kumi na mbili. Akaunganisha nyaya nene, kisha plagi zote mbili nyembamba, akasubiri kila seli ijitaje kwenye kioo. Tatu nukta nane. Tatu nukta nane. Moja tu ilikuwa imelegea, tatu nukta saba nne. Sefu alizilaza vizuri.

"Hesabu na wewe," alimwambia Siwema. "Tafadhali."

Siwema alisogea, akahesabu kwa kidole juu ya kioo, midomo ikicheza. "Kumi na mbili," akasema. Hakusema wifi.

Mwasiti akabonyeza. Feni ndogo ya chaja ikaanza kuvuma. Wakakaa, mmoja upande huu wa meza na mwingine upande ule, na foleni nje haikutawanyika wala haikusogea. Kila baada ya dakika tano Mwasiti aliigusa betri kwa mgongo wa kiganja kupima joto. Ilikuwa vuguvugu tu. Mara mbili mtu alimletea maji, mara mbili hakuinuka kuyapokea.

Dakika ya arobaini hivi Siwema akafungua mdomo.

"Siku ya arobaini ulileta mchele kilo ishirini."

"Ndiyo."

"Ukanisaidia kuosha vyombo. Ukalia kuliko mimi." Aliinua uso, na macho yalikuwa makavu. "Nilikuwa nakuonea huruma, unajua? Nilikuwa namwambia mama, maskini Mwasiti, kumpoteza kaka si mchezo."

Machozi yalimtoka Mwasiti, ya mtu mzima, bila sauti, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu ya betri.

"Nataka kukuchukia," Siwema alisema, "ila leo sina muda. Mama nitamwambia nini mimi? Yule mwanamke ameishi kwa maneno yale."

"Sijui."

"Hujui." Siwema alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni kwa nguvu. "Basi utamwambia mwenyewe. Ikilia, utaibeba wewe. Mimi imenitosha."

Chaja ililia saa sita kasoro dakika kumi. Mwasiti alichomoa nyaya moja moja, akaifunga betri kwa kitambaa, akaipakata. Ilikuwa kilo sita hivi. Aliacha funguo za kituo juu ya meza, maana hazikuwa zake tena, akapita katikati ya watu. Walimpisha kama walivyompisha Siwema, lakini hawakumwangalia.

*

Mama Sefu alilala kwa kuegemea mito mitatu, barakoa ya hewa usoni, mwanamke mdogo wa mwili mwenye macho yaliyobaki makali. Mashine ya pumzi pembeni ilikuwa imeanza kuwasha taa ya njano. Mwasiti alipiga magoti, akapima volti mara mbili, akachomoa ya akiba na kuchomeka ya ndege kabla mashine haijamaliza pumzi moja. Taa ikarudi kijani. Hewa ikaendelea kwenda, ikarudi, ikaenda.

Siwema alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Shikamoo mama," Mwasiti alisema, akiwa bado magotini. "Nina neno la Sefu. Nilipaswa kulisema zamani." Akakaza moyo. "Hakuichaji betri ile kwa huruma. Hakuichaji kabisa. Ni mimi. Nilikosea hesabu, nikamwachia, nikaenda zangu. Halafu nikasema ni yeye."

Mama Sefu aliinua mkono, akasogeza barakoa pembeni. Siwema alitaka kumzuia, yeye akamkatalia kwa kidole.

"Mwanangu," alisema, akivuta hewa kati ya kila maneno mawili, "alikuwa na huruma. Ila hakuwa mzembe. Nilimzaa mimi. Walipokuja na ile habari yao, nikaitikia. Ningebishana na nani?" Akapumzika. "Nimemngoja mtu wa kuja kuniambia, mpaka nikadhani nitatangulia."

Siwema aliachia mikono ikaanguka. "Mama! Na miaka yote hii ukiniambia..."

"Nilikuwa nakufariji wewe."

Akarudisha barakoa, akavuta pumzi nne tano, macho ameyafumba. Mwasiti akadhani amefukuzwa. Akaanza kuinuka, magoti yakimlia. Lakini ule mkono mwembamba uliushika mkono wake, bila upole, kwa nguvu ambazo hakuzitarajia, na barakoa ikasogezwa tena.

"Betri hii ina muda gani?"

"Masaa manane, mama."

"Yanatosha," alisema Mama Sefu. "Kaa chini. Anza mwanzo, na usiruke kitu."